Ombi la Rangi ya Kuchorea Mstari Ukumbini Suna

Ukumbi wa Midahalo,
Suna, Migori.
Ijumaa.

Kwa Bi. Lynnet Angwenyi,
Katibu, Chama cha Midahalo,
Makao Makuu, Homa Bay.

Mheshimiwa Katibu,

KUH: MALALAMIKO JUU YA MSTARI WA CHAKI, NA OMBI LA RANGI NYEUPE YA MAFUTA, LITA NNE

Mimi ni karani wa ukumbi wenu wa Suna, na huu ni mwezi wangu wa tano wa majaribio ya kazi. Naandika kwa heshima na, sitaficha, kwa woga, kwa kuwa anayejaza ripoti yangu ya majaribio ni Mwalimu Stanley Omanga, mwenyekiti wetu, na mstari ninaoulalamikia ni wake.

Mtakumbuka mlitutumia hoja ya kujadiliwa kwa saa mbili: kwamba Wapalestina wanaoishi chini ya utawala wa Israeli wapewe haki sawa. Bwana Osman, mwenye duka la vipuri, aliunga mkono. Alisema kuna vilima ambako majirani wawili wakifanya kosa moja, mmoja hushtakiwa mahakama ya raia na mwenzake mahakama ya jeshi. Mama Helen, ambaye mkoba wake una bendera ya Israeli iliyofumwa na kina mama wa kanisa lake, alipinga. Alisema huko pia wako akina mama waliozika watoto waliouawa katika mashambulizi, na serikali isiyolinda mlango wake si serikali. Wote wawili walipigiwa makofi. Kisha ukumbi mzima ukasema kwa wakati mmoja, kila mtu lake, hata aliyekuwa ameingia kuuliza saa.

Ndipo Mwalimu Stanley alipochukua chaki. Alisema mtu hajui chumvi ya mchuzi kwa kusimuliwa. Akachora mstari kutoka jukwaani hadi nyuma, akawagawa watu vile vile walivyokuwa wameketi. Walio upande wa madirisha wakawa Dirisha: mlango, birika la chai, ufunguo wa choo na kura ni vyao. Wengine wakawa Ukuta, na lolote wanalotaka waliombe kwangu kwa kibali. Bwana Osman aliangukia Dirisha. Mama Helen aliangukia Ukuta. Ilikuwa iwe nusu saa. Kesho ni Jumamosi ya tisa, na watu wanarudi kwa sababu hoja haijafungwa, na kanuni zenu zinasema hoja isiyofungwa haiachwi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Chaki haitoshi. Mama Nyasuguta, msafishaji wetu, hupiga deki kila Ijumaa, nami huchora upya Jumamosi asubuhi. Kila nikifika nakuta mtu wa Dirisha ameshaweka kiti chake upande wa Ukuta, akisema huko hakuna jua. Kwa usalama wake, lazima mstari umzunguke. Kisha kiti kile kinahitaji njia ya kukifikia, na njia inahitaji kulindwa. Sasa mstari umejipinda kama utumbo wa mbuzi. Nimeupima kwa rula: haujawahi kusogea upande wa Dirisha hata inchi moja. Mimi ni mtu wa Kegonga. Kwetu ng'ombe wa nyanya yangu hula Kenya na kunywa Tanzania, na jiwe la mpaka liko pale pale. Sijazoea mstari unaotembea.

2. Vibali vimenishinda. Mama Helen aliomba kibali cha choo saa nane na dakika tano. Maombi lazima yapite kwa kamati ya Dirisha, ambayo huangalia kama mwombaji aliwahi kupiga kelele. Jibu lilitoka saa tisa na nusu. Alinitazama akasema, "Cliff mwanangu, ngoja ngoja huumiza matumbo, na hili langu si la methali." Tangu siku hiyo anazungumza juu ya utu wa binadamu kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia hata kanisani kwake. Naye Liz, wa Ukuta pia, alipewa kibali cha kutoka kununua dawa ya kichwa. Hakikuwa na neno "kurudi". Hilo ni kosa langu la uandishi. Yuko nje tangu Jumamosi ya pili, na kiti chake kimeandikwa "kisicho na mwenyewe", ingawa mwenyewe anatuchungulia dirishani.

3. Adhabu ni mbili kwa kosa moja. Simu ya mtu wa Dirisha ikilia, Mwalimu Stanley humwonya kwa upole, naye ana haki ya kukata rufaa. Ya mtu wa Ukuta ikilia, anapelekwa kwa Bwana Nchagwa, mlinzi wa lango, ambaye husikiliza kesi akiwa ameshika rungu. Hajawahi kumwachilia yeyote. Anasema kama mtu hana hatia, kwa nini aletwe kwake?

4. Kura. Kila Jumamosi huulizwa kama mstari ufutwe, na wanaopiga kura ni Dirisha. Wamekataa mara nane. (Wapo watu watatu wa Ukuta walioruhusiwa kukaa Dirisha tangu mwanzo. Hao hupiga kura. Viti vyao havina migongo, na wakilalamika huambiwa washukuru hawako kule.) Bwana Osman ni mtu mwema, na mara ya kwanza aliinua mkono mstari ufutwe. Mara ya tatu aliuinua nusu. Jumamosi iliyopita alisema jambo hili ni nyeti, tusiharakishe, kwanza Ukuta watulie. Mama Helen akamjibu kutoka kule, "Yawa, Osman! Si ni wewe uliyenieleza haya yote?" Bwana Osman akainamia chai yake.

5. Hili nilitaka kuliacha. Risper ni mchumba wangu. Siku ile alichelewa kutoka Homa Bay akaketi Ukuta, kwenye kiti kilichokuwa wazi. Nina uwezo wa kumwandikia kibali cha kunitembelea kwa dakika kumi. Sina uwezo wa kumwandikia kukaa. Kamati inataka ushahidi kwamba uchumba wetu ulikuwepo kabla ya chaki, na inaogopa kwamba akivuka mchumba mmoja watavuka wengi, hesabu ya kura iharibike. Nilipompelekea fomu aliisoma yote, kisha akauliza, "Cliff, uliponitongoza ulinipigia muhuri?" Ukuta wote ulicheka. Nami nilicheka, nikagonga muhuri kwenye kidole changu. Jumamosi iliyopita hakucheka tena. Alisema anakuja mara nyingine moja tu, yaani kesho, na kwamba hawezi kuolewa na mtu ambaye humwona kupitia fomu.

Kwa hiyo naomba rangi. Simwombi mtu afute mstari. Mimi ni nani? Naomba unyooke, na ukae mahali pamoja. Rangi ya mafuta haitembei. Ukinyooka, nitaweka kiti changu ukingoni huku, na Risper ataweka chake ukingoni kule, mbao ziguse mbao, tukae pamoja bila kuvunja kanuni hata moja. Nimechora ramani, nimeiambatisha. Chaki iliyobaki ni kipande kama jino la mtoto. Ongezeni muhuri wa pili, wenye neno "kurudi".

Wasalimieni wote ofisini, pamoja na wanaokaa mbali na madirisha. Mwalimu Stanley hajui nimeandika, na ningependa aendelee hivyo.

Ni mimi, ninayetetemeka lakini nikiwa kazini,
Cliff Mniko,
Karani.

Baada ya sahihi (Jumamosi, saa kumi alasiri): Barua ilikuwa bado mfukoni. Asubuhi kile kipande cha chaki kilivunjika mkononi mwangu kikawa unga. Watu walifika wakasimama mlangoni, Dirisha kwa Ukuta, wakingoja niwaonyeshe pa kukaa. Nikapangusa unga kwenye suruali. Risper akapita, akaketi karibu nami, akaomba chai. Mama Helen alienda choo bila kumwomba mtu kibali. Liz alirudi, akaketi kwenye kiti chake, juu ya yale maandishi "kisicho na mwenyewe". Mwalimu Stanley akaniuliza mstari uko wapi. Nikasema, "Sijui, Mwalimu," na nadhani ripoti yangu mtaiona.

Hoja ilijadiliwa upya. Bwana Osman alisimama, akaomba radhi kabla hajasema lolote. Mama Helen aliunga mkono haki sawa, akasema bado analia pamoja na wale akina mama waliozika, na ya kwamba kulia huko hakuhitaji kibali cha mtu mwingine.

Mama Nyasuguta, akipiga deki tena kwa sababu ya chai iliyomwagika, aliniuliza mstari wa kule kwa Wapalestina wameuchora kwa kitu gani. Nikamwambia, mahali pengi ni kwa saruji, haufutiki kwa tambara. Alikamua maji, akafikiri. "Hata hiyo saruji," akasema, "kuna karani aliyeandika barua kuiomba."

Tafadhali, rangi msitume.