Kumtazama Karani wa Mizani

Jumatatu, 9 Juni 2025. Asubuhi ukungu hadi mlangoni, manyunyu, baridi. Mashamba yote ya chai yamefutika, imebaki ncha ya mkaratusi mmoja.

Nimefungua kamusi yangu ya Kiingereza ya tangu kidato cha nne. Neno la wiki: "gaze". Maana: kutazama kwa muda mrefu bila kuhamisha macho, kwa kuvutiwa, au huku mawazo yako mbali. Matumizi: hutumika kwa nyota, kwa bahari, kwa mpenzi. Hakuna mfano wa ng'ombe. Sisi huku tunaangalia, tunachungulia, tunakodoa. Hili ni la juu zaidi.

Nitalitumia kwa Owiti, karani anayetupimia majani ya chai kituoni. Mtu wa ziwani, mrefu, mpole. Mwaka mzima nimempelekea majani na ananijua kwa namba ya mkulima tu, ambayo hata ni ya mama. Mwisho wa mwezi makarani huhamishwa. Sina muda. Binamu yangu Janefer ameuliza kwa nini nisimsalimie tu. Janefer aliachia shule kidato cha pili.

Nimelala saa tatu na nusu.

Jumanne, 10 Juni. Jua jembamba.

Nimefika kituoni mapema, nikasimama kando ya nguzo. Owiti alipotundika mfuko wa kwanza nikaanza. Macho tuli, kidevu juu kidogo, mawazo mbali. Niliwaza ziwa, ambalo sijaliona. Ilikuwa kama kuota ukiwa umesimama: mvuke ukitoka kwenye majani mabichi, mkono wake ukipanda polepole kama unapunga. Akaniona. Akashusha mfuko, akapangusa mizani kwa leso yake mwenyewe, akatundika upya. Paji la uso lilikuwa na jasho, licha ya baridi ile. Ameguswa.

Nimelala saa nne, kwa shida.

Alhamisi, 12 Juni. Mvua tangu alfajiri.

Usumbufu. Nikiwa katikati ya kutazama, jirani yetu Bosire alikuja akasimama ubavuni mwangu, naye akatazama. Akaninong'oneza nimeona nini. Nikasema natazama tu. Akasema, "Usiogope, dada. Hata mimi kilo zangu nazishuku tangu Pasaka." Akaja Phelis, mkulima mwenzetu, na mtoto mgongoni. Wakaja wengine. Mwishowe tulikuwa safu nzima, macho tuli. Owiti akapima mfuko mmoja mara tatu. Dereva wa lori akapiga honi hadi akachoka.

Janefer amecheka njia nzima. Anasema kituoni hakuna anayemkazia karani macho ila mwenye lalamiko la kilo. Nikamweleza kwamba huko ni kuangalia, mimi nafanya jambo tofauti. Akauliza Owiti atajuaje tofauti. Swali la kitoto.

Nimelala saa tatu na robo.

Jumamosi, 14 Juni. Ukungu mwepesi, ndege wengi.

Owiti amekuja nyumbani! Mama akatandika vitambaa vya kufuma, akachemsha chai ya maziwa. Nikavaa rinda la kanisani. Nyuma yake akaingia Mzee Mageto, mwenyekiti wa kituo. Mzee akasema jina jema la mtu linaweza kuharibiwa na macho mawili, na kwamba kijana huyu kazi yake iko hatarini. "Sasa, Esnah, sema mbele yake. Unamshtaki nini?"

Owiti alitazama kikombe chake. Sentensi nzuri nilikuwa nayo. Nikasema nilikuwa nawaza mambo mengine. Mzee akauliza mambo gani. Nikasema ziwa. Mama akanituma maji, na pipa lilikuwa limefurika.

Nimelala saa tano.

Jumatatu, 16 Juni. Mawingu.

Mkutano wa wakulima. Mizani ikajaribiwa kwa jiwe la kupimia, ikaonekana haina kosa. Nilidhani yameisha. Bosire akasimama, akapendekeza niwe mwangalizi wa mizani ili shaka iondoke kabisa. Mikono yote juu. Nimeletewa kiti. Nina ruhusa rasmi ya kumtazama kila siku ya kupima.

Owiti akageuza mizani inielekee, kisha akasimama nyuma ya mfuko. Nilibaki na viatu vyake tu vya kutazama. Ni viatu visafi.

Nimelala saa nne na nusu.

Jumatano, 18 Juni. Ukungu mzito, hakuna upepo.

Owiti ameomba uhamisho mwenyewe. Anaenda upande wa Kapkatet. Kabla ya kupanda lori alikuja hadi kwenye kiti changu. "Dada Esnah," akasema, "mwaka mzima nilikuwa nangoja unisalimie. Kumbe shida yako ilikuwa mizani." Lori likaondoka. Nililitazama likimezwa na ukungu, kwanza magurudumu, halafu mifuko, halafu kofia yake. Kutazama bora kuliko kote nilikowahi kufanya.

Nimefikiri kwa utulivu. Neno halina kosa. Kosa ni umbali: nguzo iko karibu mno na mizani, watu wanachanganyikiwa. Karani mpya, Oyugi, anafika kesho, na Phelis anasema ana tabasamu la polepole. Nitasimama kule juu kwenye mkaratusi. Bosire, aliyekuwa askari wa msitu, ameniazima darubini. Hakuuliza ya nini. Alinishika bega akasema anaelewa.

Nimelala saa tano kasorobo.