Barua ya Posa Mezani Kwangu

Jamani, leo nimejiaibisha huko Kilema, mbele za wazee, nikiwa na kandambili miguuni.

Asubuhi naingia sebuleni, namkuta Baba Neema, mume wangu wa ndoa ya kanisani, kainamia meza na kalamu ya wino. Kuniona tu, akafunika karatasi kwa gazeti. Huyu ni mchora mabango, na mwandiko wake ndio ulionitoa kwetu. Enzi za uchumba barua zake nilikuwa nalala nazo chini ya mto. Siku hizi ananitumia “ok”. Tena akichoka ni “k” tupu. Sasa kalamu ya wino ni ya nani?

Akasema anakwenda msibani Kibosho. Msibani, na marashi. Alipoingia kuoga nikafunua gazeti. (Sikupekua. Nilikuwa napanga meza.) Ilikuwa rasimu ya barua, herufi zimepambwa mikia: “Kwa Mzee Beda, Kilema. Kwa heshima na unyenyekevu, naomba kumchumbia binti yenu Oliva.” Chini hakuna jina. Jina la nini, mwandiko si naujua?

Miguu ikapata nguvu za ajabu.

Nikamwacha atangulie, nikapanda bodaboda kutoka hapa Rau hadi Kilema. Tukauliza dukani, tukaonyeshwa nyumba. Nikaingia bila hodi. Baba Neema yuko kwenye kochi, katikati ya wazee wawili. Mzee Beda ameinua barua dirishani, anaisifia.

“Aliyeandika hivi ni mtu mtulivu.”

“Huyo mtulivu ana mke,” nikasema. “Ndiye mimi.”

Mama mwenye nyumba akaiweka chini chupa ya chai.

“Marahaba,” akasema Mzee Beda, akiitikia shikamoo ambayo sikuitoa. Akasogeza miwani. “Sasa huyu Prosper aliyesaini hapa ni nani?”

Prosper ni mdogo wangu. Tumbo moja. Na wale wazee wawili, nilipowatazama vizuri, mmoja ni baba yangu mdogo. (Hasira zilinipofusha, nisameheni.)

“Prosper alinikataza nikwambie mpaka ajibiwe,” Baba Neema akaninong'oneza. “Anasema wewe huna siri.” (Mnaona wenyewe niko wapi sasa hivi: humu mtandaoni, nawamwagia yote.)

Kumbe Prosper alishapeleka barua ya kuchapwa, ikarudishwa. “Ile ilitoka kwenye mashine,” Mzee Beda akanieleza taratibu. “Mimi nataka nione watu wamekaa, wamefikiri, mkono umechoka. Hii nimeipokea. Lakini jibu la Prosper litatoka nikipata nyingine.”

“Nyingine ya nani, mzee?”

“Ya kwako, mama. Ya kuomba radhi. Kwa mkono wako, na jani la isale juu yake.”

Isale, jani letu la kuombea msamaha, lipo hapa uani, nimeshalichuma. Tatizo ni mwandiko. Tangu nipate simu sijashika kalamu, na vidole vimesahau kazi. Karatasi zimejaa sakafuni. Prosper kapiga simu: “Dada, nakuomba, andika vizuri.” Nimejisikia vibaya kweli.

Nimembembeleza Baba Neema aniandikie. Kakataa. Eti siku hizi mkono wake anautunzia barua za mapenzi tu.

Msinicheke. Ila mimi tangu nimeolewa sijaandikiwa hata moja, kwa hiyo anayejua hizo zinakwenda kwa nani, aniambie kabla sijapanda bodaboda tena.