Mtazamaji Mmoja wa Umeå

Jumatatu, 3 Machi

Wafuasi: 31. Jana walikuwa 32. Sijui nani kaondoka, ila namshuku binamu yangu.

Haidhuru. Wafuasi si hoja. Hoja ni ramani. Mtandao unanionyesha kila mtazamaji yuko mji gani, kwa nukta ndogo ya buluu. Hapa Borås zipo kadhaa (nyingine ni mimi mwenyewe). Jönköping moja. Halafu huko juu kabisa, kaskazini, nukta moja peke yake: Umeå. Kila Alhamisi jioni, bila kukosa, wiki ya sita sasa.

Marit yuko Umeå. Mke wangu, miaka kumi na tisa ya ndoa. Alihamia huko mwezi wa nane, kazi ya muda hospitalini. Alisema anakwenda kufikiri. Nikamuuliza kufikiri nini. Akasema swali hilo nalo limo kwenye orodha. Miezi saba anafikiri! Lakini Alhamisi ananitazama. Leo nimeweka kidole juu ya ile nukta mpaka kioo cha simu kikapata ukungu.

Video zangu za mwanzo, za kuchemsha kahawa msituni, zilikuwa makosa. Marit hakuwahi kulalamika kwamba sichemshi kahawa msituni. Alilalamika kwamba tangu tuoane sijafua hata soksi. Ndiyo maana tangu Januari chaneli inaitwa "Mwanaume na Povu". Nafua. Nazungumza. Mwanaume mpya kabisa.

Kero moja ndogo: nguo chafu hazipendezi kwenye kamera. Kwa hiyo nafua kitambaa cha meza cheupe. Kimefuliwa mara kumi na moja. Nguo zangu zenyewe ziko bafuni, rundo limefika kwenye swichi ya taa. Leo nimekwenda kazini, ghala la vigae, na shati la Krismasi. Msimamizi akauliza kama nasherehekea mapema au nimechelewa.

Jumanne, 4 Machi

Siku ya maandazi ya krimu. Nimenunua mawili, kama kila mwaka.

Marit hula krimu yote kwanza kwa kijiko, halafu anarudisha kifuniko cha andazi juu, kana kwamba hakuna aliyegusa. Kila mwaka nilimwambia ni ushamba. Leo nimekula langu, lake nikaliweka upande wake wa meza. Lilikaa hapo saa nzima. Mwishowe nikachukua kijiko, nikala krimu, nikafunika. Kumbe ni tamu zaidi hivyo! Ningependa sana kumwambia.

Sikulia. Nina mafua.

Tuache hayo. Mpango: MWANGA. Chumba cha kufulia kiko chini ya jengo na kina dirisha moja. Jua huingia saa tisa alasiri na kuangukia mashine namba mbili kwa nusu saa. Video ya Alhamisi lazima ipigwe Alhamisi, saa hiyo, nimpe Marit kitu kibichi. Tatizo: Alhamisi saa nane hadi saa kumi na moja ni zamu ya Yngve, mzee wa ghorofa ya tatu, juu yangu. Ukutani kuna ubao wa zamu, kila mpangaji huweka kufuli lake kwenye tundu la saa zake; la Yngve limekaa kwenye tundu hilo tangu Marit hajajua kuendesha baiskeli. Wote tunayafunga makufuli yetu kwa ufunguo, yeye halifungi lake. Anasema anaamini majirani.

Anaamini majirani. Vizuri sana.

Jumatano, 5 Machi

Nimefanya! Nimelihamishia kufuli la Yngve kwenye tundu la Jumamosi asubuhi na kuweka langu mahali pake. Nilivaa glavu. Sijawahi kuiba maishani, lakini nadhani kuiba ni kwepesi kuliko hivi.

Saa kumi na mbili jioni tayari kuna karatasi ukutani, imebandikwa kwa gundi pembe zote nne. Inasema kuna mtu amesogeza kufuli namba 14, bila shaka kwa bahati mbaya, na anaombwa kwa heshima alirudishe kabla ya kesho saa nne asubuhi. "Salamu za kirafiki, Yngve." Kirafiki! Na chini ya "bahati mbaya" kapiga mstari. Mara mbili! Katika jengo hili watu wamehama kwa maneno ya upole kuliko hayo.

Nimeandika chini yake, kwa mkono wa kushoto: "Ubao ni wa wote." Nikatia sahihi: "Wengi."

Alhamisi, 6 Machi

Saa tisa kamili. Jua limeingia. Nimevaa sweta aliyonifumia Marit, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, naipenda hivyo hivyo. Nikaanza: "Habari zenu, wapenzi watazamaji." Nikasema nimegundua kwamba kitambaa ni kama ndoa, kinataka joto la kutosha. Maneno hayo nilikuwa nayatayarisha tangu Jumapili.

Mlango ukafunguka. Yngve na kikapu chake.

Akavua kofia. Akatazama ubao. Akatazama saa ya ukutani. Akaenda kukaa kwenye benchi nyuma yangu, mikono juu ya magoti, akanitazama. Dakika ishirini na mbili! Ningeacha, lakini jua lilikuwa linakimbia. Nikajikausha, nikaendelea kuongelea joto.

Kisha nikafungua mashine mbele ya kamera. Nilikuwa nimeweka nyuzi tisini na tano, kwa ajili ya mfano wangu wa ndoa. Kitambaa cha meza kimetoka saizi ya leso.

Nilisimama nacho. Yngve akainuka, akanichukulia kile kitambaa mkononi, akakivuta pembe kwa pembe, taratibu, akakinyoosha kwa kiganja, akakikunja mara nne kama kitu cha thamani, akanirudishia. Ndipo akafungua mdomo. Alisema kwamba saa hizi ni zake, na kwamba kichujio cha mashine ya kukaushia kina vumbi la mtu.

Nimeirusha video kama ilivyo, sina nyingine. Saa moja na dakika kumi jioni: Umeå, nukta moja. Usiku mwema, mke wangu.

Ijumaa, 7 Machi

Watazamaji 14,000! Mchana: 40,000!

Nimesoma maoni yote. "Yule mzee ni nani?" "Mpeni mzee chaneli yake." "Nimelia alipokikunja." "Huyu jamaa wa mbele asogee, anamziba mzee." Kazini vijana wa ghala walinipigia makofi, halafu mmoja akaniomba sahihi. Ya Yngve.

Sawa. Nitalimeza hilo. Nikafungua ramani kumtafuta Marit, na hapo ndipo moyo uliponipasuka paa. Umeå: nukta 212! Nyingine juu ya nyingine, doa moja la buluu. Yupi ni yeye? Miezi yote hii nimeomba watu waje, sasa wamekuja na wamenifichia mke. Nilitamani kuwafukuza wote, mmoja mmoja, mpaka abaki yule mmoja.

Jioni nikapanda kwa Yngve na pendekezo la biashara: yeye akae nyuma, mimi niongee. Nikavua viatu mlangoni. Soksi moja ya kijani, moja ina tundu. Aliniona, akajifanya hakuona, akamimina kahawa. Pendekezo alilikataa kabla sijalimaliza. Akasema alikuwa mle ndani kufua tu.

Nikamwambia basi hana habari ana uzito gani, maana huko Umeå kuna mtu ambaye kila Alhamisi, bila kukosa...

Akasema ndiyo, huyo ni Tuva.

Tuva ni mjukuu wake. Anasomea misitu huko. Kila Alhamisi Yngve akifua, Tuva humpigia simu, wanazungumza mpaka mashine izime. Alisema sakafu ni nyembamba. Tangu vuli alikuwa ananisikia nikisema "Habari zenu, wapenzi watazamaji", halafu kimya kirefu, halafu nahesabu kwa sauti: moja, moja, bado moja. Mkewe Elsy alipofariki, yeye mwenyewe alikuwa akiiaga redio kila anapotoka. Ndipo akamwomba Tuva anitazame. Alisema mtu anastahili kuwa na angalau mmoja.

Hakuwa ananicheka. Alikuwa anasogeza sahani ya biskuti upande wangu.

Nikasema nilikuwa najua tangu zamani. Nikamuuliza kama Tuva ana marafiki. Kisha nikashuka ngazi viatu mkononi, nikakaa kwenye korido ya nyumbani. Ndoano ya koti la Marit iko usawa wa kichwa ukikaa chini. Sikuwa nimejua.

Jumamosi, 8 Machi

AMEPIGA! Marit! Mwenyewe! Saa tano asubuhi, nikiwa nimeshika mswaki!

Mwenzake kazini alimwonyesha video ya mzee anayekunja. Akasema alikuwa anamtazama yule mzee tu, mpaka akauona mkono mrefu wa sweta. Halafu akasema: "We Sixten, hicho si kitambaa cha mama?" Nikasema kilikuwa. Akacheka. Nilikuwa nimekisahau kicheko hicho. Kinaanzia puani. Nilikaa ukingoni mwa beseni la kuogea.

Akauliza kama najua kwamba kwa miezi saba sijampigia simu hata mara moja. Nikamweleza kwamba nimekuwa nikiwasiliana naye wakati wote. Video sitini na nne! Akasema hakuwahi kuona hata moja kabla ya jana, na hakuna aliyemwambia kwamba ni zake. "Baba wewe," akasema, "simu ina kitufe kimoja tu."

Jambo lenyewe: hospitali imempa kazi ya kudumu. Jumatatu saa mbili asubuhi anatakiwa ajibu ndiyo au hapana. Alisema hapendi kuamua peke yake. Alisema, na hapa naandika neno kwa neno, kwamba nyumba yake ya huko ina mwangwi. Mapumziko yalikuwa yanaisha, hakuweza kuendelea. Kesho yuko nyumbani mpaka saa kumi na moja, kisha anaingia zamu. Nimpigie saa kumi. Nisilete hotuba, nisilete mipango. "Piga tu."

Nimeahidi. Nimeahidi mara tatu, ya tatu alikuwa ameshakata.

Nimerudisha kufuli la Yngve kwenye Alhamisi yake na kuandika samahani ukutani. Kwa mkono wa kushoto, ili mwandiko ulingane. Kisha nikafua soksi kwenye sinki. Jozi sita, bila kamera. Hakuna aliyeniona, kwa hiyo sijui kama inahesabika.

Jumapili, 9 Machi

Saa nane na nusu nilikuwa tayari. Nimenyoa. Kiti karibu na dirisha, simu mezani, glasi ya maji. Sijawahi kuwa tayari hivi.

Saa tisa jua likaingia sebuleni. Sijui niandike vipi. Theluji ya nje ilikuwa inalirudisha ndani, ukuta mzima ulikuwa na rangi ya asali. Na hapo mimi: mwanaume anayekaribia kumpigia mke wake baada ya miezi saba. Watu elfu arobaini wanaosubiri niwape kitu. Muda upo, saa nzima! Dakika mbili tu, nikasema.

Simu ndiyo kamera, kwa hiyo niliuzima mtandao asije mtu akanikatiza.

Mara ya kwanza sauti ilitetemeka. Mara ya pili chozi lilishuka upande wa kivuli, halikuonekana. Mara ya tano nilisema vizuri lakini mkono wa sweta uliingia kwenye maji. Mara ya tisa, basi! Yote yalitoka. Kwamba nanunua maandazi mawili. Kwamba nalala upande wangu wa kitanda kana kwamba nitakemewa. Kwamba kazi ya kudumu iwe hapa, kwangu, arudi, nitafua, na asiporudi sijui hizi siku zinaishaje. Sijawahi kusema maneno hayo kwa mtu yeyote. Yalitoka kama yamekuwa mlangoni siku nyingi. Nikakata, nikapanga, nikaongeza kinanda kidogo. Safi kabisa. Kazi bora ya maisha yangu.

Saa kumi na mbili kasoro dakika tano nikawasha mtandao ili niirushe.

Simu ikaanza kutetemeka mezani. Marit, saa kumi na dakika kumi. Marit, kumi na dakika ishirini na tano. Marit, kumi na dakika hamsini. Kisha ujumbe: "Nimesubiri. Naingia kazini. Kesho nitawaambia ndiyo. Kula vizuri, Sixten."

Nilipiga papo hapo. Imezimwa, yuko zamu. Nikapiga tena, nikapiga tena. Nikasimama katikati ya sebule, jua limeshaondoka, nikalia kwa sauti mpaka Yngve akagonga sakafu yake, mara moja, polepole, kuuliza.

Lakini nimetulia sasa na nimefikiri. Ameandika ujumbe ule kabla hajaiona video! Hana habari nimesema nini. Nimeirusha, watu 900 tayari, wote wanalia. Umeå nukta 38, na mojawapo lazima ni yeye, ameiba dakika moja chooni.

Kesho anatakiwa ajibu saa mbili asubuhi. Saa moja atakuwa ameamka, simu iko wazi, naweza kumpigia nikamwambia mwenyewe. Nimelitazama jambo hili kwa makini. Tatizo ni kwamba asubuhi sebule hii ina giza, uso unaonekana wa majivu. Mambo mazito kama haya hayafai kuharakishwa. Nitaomba ruhusa kazini, ninyooshe shati, nisubiri saa tisa, mwanga ukirudi.