Santuri Isiyo na Lebo

Jumatatu, 4 Juni 1979

Dharau! Dharau tupu! Miaka tisa nimepiga gita la pili katika Orchestra Majani Mabichi, nikisimama nyuma karibu na ngoma kama mtu aliyetumwa kulinda spika. Sasa mpiga solo wetu amehamia Mombasa. Badala ya kunikabidhi gita lake mara moja, kiongozi wetu Nahashon ameleta mashindano!

Bendi itarekodi santuri yake ya kwanza mwezi huu. Atakayepiga solo, wimbo wake ndio utakaorekodiwa, na jina lake litachapishwa kwenye lebo. Kwenye lebo! Phares Opiyo, katikati kabisa, likizunguka. Sijawahi kutaka kitu kingine duniani. (Nilitaka baiskeli, lakini hiyo ilikuwa 1968.)

Tuko wawili. Mimi, na Naftaly Wanyoike, fundi nguo wa Kariobangi, aliyejiunga nasi juzi tu, miaka minne iliyopita. Jumapili, katika ukumbi wa Shauri Moyo, kila mmoja wetu atacheza santuri tano zilizomlea na kuwaeleza watu kila moja ilimfunza nini. Kisha watu wataamua. Nahashon anasema mpiga gita hujulikana kwa masikio yake kuliko vidole vyake. Atasema nini tena, na vidole vyake vimeshazeeka?

Jumanne, 5 Juni

Nimetoka Kariobangi kupeleleza. Nilibeba suruali yangu ya kijivu kama kisingizio, nikamwambia Wanyoike aipunguze kidogo. Nia yangu ilikuwa kumzungusha kwa maneno mpaka aropoke. Hakunipa nafasi. Kabla sijatulia alinisomea orodha yake yote, pini zikiwa mdomoni! Mtu mzima asiye na siri ni mtu wa kuogopwa.

Kwaya ya kanisa lao. Kodiani aliyokuwa akiicheza marehemu baba yake Jumamosi jioni. Mpiga gita mmoja wa Ukambani. Rumba ya Zaire. Na ya tano, nilishika meza nisianguke: nyatiti. Nyatiti yetu sisi Wajaluo, ile ya nyuzi nane! Nikamuuliza ni nani aliyempa ruhusa ya kulelewa na nyatiti. Akasema jirani yao alikuwa akiipiga mlangoni, naye akiwa mdogo alikwenda kukaa miguuni pake mpaka aitwe kula. Ati ndiyo iliyomfunza kutumia kidole gumba.

Mimi niliyezaliwa karibu na ziwa sikuwa nimeifikiria. Sasa nikiileta itaonekana nimemwiga. Amenipokonya babu zangu mchana kweupe!

Akanipima suruali huku nimeinama nikichungulia orodha yake mezani. Akaniuliza nami nitaleta santuri gani. Nikamwambia ni nyingi mno, bado nachagua.

Jumatano, 6 Juni

Ninazo tatu. Moja ni ya kufundishia Kiingereza. Ya pili imepindwa na jua. Ya tatu ndiyo Siri.

Acha nieleze Siri hapa, kwa kuwa shajara haina mdomo. Sisi wapiga gita tuna desturi moja. Ukipata santuri yenye utamu wa kuiba, unaikwangua lebo kwa wembe, mwenzako asije akalisoma jina la bendi akaenda kujinunulia yake. Basi mwaka 1971, pale Gikomba, kati ya patasi na viatu vya mitumba, niliona santuri nzito ya kizamani. Lebo imetoka yote, pande zote mbili! Nikailipia papo hapo. Mtu hajitaabishi kuficha hivyo kitu cha bure.

Na sikukosea. Ndani yumo mzee anayelia kwa sauti nzito, polepole, neno moja kwa pumzi moja. Ni Kilingala cha ndani sana, mimi mwenyewe sielewi hata silabi. Magita yanajikokota nyuma yake kama watu wanaotoka makaburini. Humo ndimo nilimotoa "Msiba wa Jioni", wimbo wangu. Nina mmoja tu, lakini unaliza.

Rispa, mke wangu, anasema mzee huyo analia kama ng'ombe aliyekwama matopeni. Anailaumu gramafoni yangu. Kweli, swichi ya mwendo ilivunjika zamani na sasa inazunguka polepole tu, na betri lazima zianikwe juu ya mabati kabla ya kila wimbo. Hayo yanahusu nini? Sanaa haitaki haraka.

Kwa zile nne nyingine nilikwenda Eastleigh kwa Dirie, mwenye nyumba ya wageni, anayependa santuri kuliko wageni. Ameniazima taarabu ya Unguja, tarumbeta za Kuba, wimbo wa sinema ya Kihindi na okestra ya Kairo. Aliniapisha nizitunze kama mboni ya jicho. Sijawahi kuzisikia hata moja. Zimenilea sana.

Ijumaa, 8 Juni

Wanyoike amekuja kuleta suruali. Amekuja kunusa! Nilimwona akizitazama santuri juu ya kabati. Alipokwenda tu nikachukua wembe, nikakwangua lebo zote nne za Dirie. Rispa akaniuliza nitazijuaje. Nikamwambia nimezipanga: juu taarabu, kisha Kuba, Uhindi, Kairo chini. Akili!

Suruali inaishia vidole vinne juu ya kifundo cha mguu. Ati alinipima nilivyosimama. Hii ni hujuma.

Jioni nilifanya mazoezi ya hotuba. Nilifikia mahali pa kulia, nikalia vizuri. Rispa alikuwa akichambua mboga. Akasema, Baba Adoyo, kwa nini usiwaambie ukweli? Kwamba mama yako alikuwa akiimba akisaga wimbi, nawe mgongoni, na kwamba hata leo ukipiga gita peke yako mkono wako unakwenda kama wa mtu anayesaga. Ati anaujua mlio huo hata akiwa bombani.

Niliutazama mkono wangu. Kisha nikakumbuka ni nani anayeshindana na nani. Nani atampa solo mtu aliyelelewa na jiwe? Jiwe lina lebo?

Jumamosi, 9 Juni

Rispa amepanguza vumbi juu ya kabati! Ameshusha kila kitu, amepanguza, amerudisha. Nikamuuliza amerudisha kwa mpangilio gani. Akajibu, kwa usafi. Nyeusi nne, uso mtupu, zinanitazama. Betri zimekufa na leo hakuna jua.

Mpiga gita wa kweli huijua santuri kwa kuishika. Nimezishika saa nzima. Naamini ya juu ni Kuba.

Jumapili, 10 Juni

Siwezi kuandika.

Nitaandika. Lazima watu wa baadaye wajue nilivyotendewa.

Ukumbi ulijaa. Mbele walikaa kina mama waliotoka kanisani. Wanyoike alianza. Hakuwa na hotuba! Alieleza tu jinsi baba yake alivyokuwa akivua koti kabla ya kucheza kodiani, akikunja mikono ya shati, na kina mama wakaanza kujipangusa macho. Alipofika kwenye nyatiti akamtaja jirani yake kwa jina na kusema hajawahi kumshukuru. Wazee wa kwetu walisimama kumpigia makofi. Wa kwetu! Mmoja wao tunatoka naye kijiji kimoja.

Nikapanda jukwaani na ile suruali. Upepo ukanipiga miguuni. Kuna mtu nyuma aliyeuliza kama mafuriko yameshafika Shauri Moyo.

Nikatangaza tarumbeta za Kuba, jinsi zilivyonifunza uanaume. Akatoka binti wa Kihindi akimbembeleza mpenzi wake. Nikasema hiyo ni Kuba ya ndani. Nikatangaza Uhindi. Zikatoka tarumbeta. Kutoka hapo sikutangaza tena nchi, nikasema tu "na hii pia". Dirie alikuwa amekaa mstari wa tatu. Alianza kusimama polepole alipoona santuri zake zina uso mweupe.

Haidhuru. Nilikuwa bado na Siri. Nikaishika juu kwa mikono miwili, nikawaambia kwamba katika Nairobi nzima hakuna nyingine. Nikawaeleza habari za mzee wa Zaire anayemlilia mama yake aliyezama mtoni. (Mto niliuongeza mwenyewe.) Nikalia mahali pa kulia. Kina mama wakalia pia. Nilikuwa nimeshinda! Naapa, kwa muda huo nilikuwa nimeshinda!

Mzee Kilonzo ndiye anayesimamia gramafoni ya ukumbi, ile kubwa ya umeme yenye miendo mitatu. Aliipima santuri mkononi, akanong'ona kwamba hii ni ya zamani, ya kuzunguka mbio, je, nina hakika ninataka watu waisikie? Nikamwambia afanye kazi yake. Akageuza kitufe.

Hakutoka mzee. Walitoka wasichana watatu, wachangamfu, mbio mbio, kwa Kiswahili safi kama maji ya mfereji:

"Kware, Kware, povu tele! Kola ya baba yang'aa!"

Tangazo la sabuni. Miaka minane nimelia kwa ajili ya sabuni.

Kina mama wa mbele walipiga vigelegele. Wanaujua wote! Waliuimba mpaka mwisho, wakainuka, wakaucheza, wakataka urudiwe. Mara tatu! Kilonzo akawaeleza watu kwamba miaka ile ukinunua katoni nzima ya Sabuni ya Kware ulipewa santuri bure. Ati mama yake aliifunikia sufuria ya maziwa mpaka mvuke ukabandua lebo, ikawa vivi hivi kama hii.

Halafu Nahashon akakunja uso. Akachukua gita, akapiga mistari miwili ya "Msiba wa Jioni", polepole. Akapiga tena, mbio. Ukumbi mzima ukaimba kola ya baba.

Nilirudi nyumbani kwa njia ya Gikomba nisikutane na mtu. Nilikutana na Dirie.

Jumatatu, 11 Juni

Nahashon ameamua. Solo ni ya Wanyoike. Lakini wimbo utakaorekodiwa ni wangu, kwa mwendo wa sabuni, maana tangu jana Shauri Moyo hakuna anayeimba kingine. Tumewekewa maneno mapya ya mapenzi, kola tu imebaki. Wanyoike ndiye aliyesema jina langu liandikwe kama mtunzi. Nikamuuliza wazi anataka nini kwangu. Akasema hataki kitu, na kwamba niilete ile suruali airefushe.

Nimekataa. Najua mtego nikiuona.

Dirie anataka nikamwandikie majina ya santuri zake, moja moja, mbele yake. Nitaanza na Kuba, ambayo sasa naijua.

Jumamosi, 7 Julai

Imetoka! Nahashon ametugawia kila mmoja nakala yake. Lebo ya kijani. "Kola ya Baba", Orchestra Majani Mabichi. Solo: N. Wanyoike, kwa herufi za kuonekana hata na mpita njia. Chini kabisa, kwa herufi za mguu wa sisimizi: Mtunzi, P. Opiyo. Hata hivyo limo. Nimelisoma mara arubaini. Rispa amelisoma kwa sauti, akawaita majirani wa pande zote mbili, nao wakalisoma. Alisema mama yangu angekuwa hai angeimba.

Jua lilikuwa kali, betri zikaiva vizuri juu ya mabati. Majirani walipoondoka nikaiweka santuri kwenye gramafoni yangu.

Lo! Lo! Ikaanza kwa chini, polepole, kama mtu anayevuta mzigo. Gita la Wanyoike, lile la madaha, likawa linaomboleza. Mwimbaji wetu akawa mzee. Nikakaa kitandani nikalia machozi ya kweli, bila mazoezi. Nikagundua jambo ambalo hakuna mwingine anayelijua: ndani ya santuri hii mmefichika wimbo mwingine kabisa, mzito, wa msiba, ambao bado haujatungwa na mtu. Nikiutoa humo, solo itakuwa yangu. Wakati huu hakuna mashindano yatakayonishinda.

Kitu kimoja tu kilinitia hofu. Wanyoike atapita hapa kesho kuchukua ile suruali, Rispa amemwita bila kuniuliza. Akiiona santuri ninayojifunzia atajua mara moja ninapochota.

Nimechukua wembe. Nimekwangua pande zote mbili, taratibu, mpaka haikubaki hata herufi.

Rispa alikuja na chai akaniuliza jina langu liko wapi. Nikamwonyesha unga wa kijani juu ya gazeti. Aliutazama, akalikunja lile gazeti taratibu, akaliweka kabatini. Haelewi mambo ya kazi hii.