Kirundi: Bora Kabisa

Jumatatu, 3 Juni
Miaka tisa! Miaka tisa namshikia mikrofoni kila mheshimiwa anayekata utepe Uvira, na bado minye ni ripota wa mikutano ya usafi. Leo Mama Direkta wa televisheni yetu katangaza: kiti cha mtangazaji wa habari za jioni kiko wazi, anayekitaka alete CV. Mpinzani wangu ni mmoja, Claudette. Mpiga kamera! Amefika juzi tu kutoka Luberizi, matope ya mpunga bado mu viatu.

Nimeandika kwamba nilisomea Bujumbura. (Nililala Bujumbura siku mbili, harusi ya dada yangu Sumaya.) Penye lugha nikaweka Kifaransa, Kiswahili, na Kirundi: bora kabisa. Najua amahoro ya kusalimia na murakoze ya kushukuru. Mengine ni kutikisa kichwa.

Jumanne, 4 Juni
Balaa! Mama Direkta ameisoma CV na kufurahi. Kesho niende Luberizi kumhoji mzee Nyandwi, mkulima wa mpunga, mtu wa Kirundi kitupu. Nitafsiri mwenyewe. Claudette atapiga picha. Alicheka kidogo. Nikamwuliza nini. Akasema hakuna kitu, kaka Tariki.

Jumatano, 5 Juni
Nilivaa suti ya ile harusi. Nikasimama katikati ya shamba, kijani kizuri kote. Nikasema amahoro. Mzee akaanza. Lo, maneno kama mvua! Akanyoosha kidole miguuni pangu, akapiga mapaja, akashika kichwa. Nikawatafsiria watazamaji: mzee anaishukuru televisheni yetu, anasema udongo huu una rutuba, mavuno yatajaa. Murakoze! Claudette hakutia neno. Wivu huo.

Alhamisi, 6 Juni
Ripoti ilipita hewani jana jioni. Leo nimekwenda Kavimvira, mpakani. Wabadilisha pesa wote wakasimama kuniona. Nikasema moyoni, hatimaye! Mmoja akapaza sauti: weye, toka mu mpunga yangu! Wakacheka hadi machozi.

Ikabidi nielezwe. Kumbe mzee alisema nimesimama juu ya kitalu chake, miche yake yote ya msimu iko chini ya viatu vyangu, na je, huyu muntu iko kiziwi? Nusu ya mji inasikia Kirundi! Nikamfokea Claudette kwa simu, kwa nini hakuniambia? Akajibu alidhani nimeelewa, maana CV yangu inasema bora kabisa. Nyoka yule.

Ijumaa, 7 Juni
Mzee Nyandwi amekuja stesheni. Amebeba ile miche iliyokufa, ameifunga kwenye kitambaa. Mama Direkta akamwomba msamaha, akamwuliza anataka nini. Akasema anataka maneno yake yasemwe kama alivyoyasema, basi. Claudette akamkalisha mbele ya kamera, akatafsiri neno kwa neno. Ofisi nzima ikaacha kazi kumsikiliza. Hata minye nikajipangusa macho. Hasira tu.

Kiti amepewa Claudette. Minye nimepewa kamera yake. Mama Direkta anasema kamera haihitaji lugha.

Jumapili, 9 Juni
Nabii hana heshima kwao. Kule Baraka, kwa Wabembe, wanafungua televisheni mpya na wanatafuta ripota. Nimeketi toka asubuhi naandika CV mpya. Kazi niliyoifanya: nilifichua mateso ya wakulima wa Luberizi. (Aliyewatesa sikumtaja.) Lugha: Kibembe, bora kabisa.

Nani kule Baraka atajua?