Asumini Juu ya Baraza

Jumatatu, 3 Februari 2025

Bi Prabha anastaafu! Maktaba yetu ya mtaa hapa Malindi, Unguja, itahitaji mkuu mpya, na tuliobaki ni wawili: mimi na Bi Salhiya. Mkurugenzi Ridhwan amepiga simu. Atakuja Alhamisi kuamua, na anataka aone nani anayeweza kuufanya mlango umkaribishe mtu kabla hajaingia. Ni kama ametaja jina langu. Nani mwingine humu anayetazama video za bustani kila akiingia kitandani?

Tatizo ni baraza. Huku na huku mlangoni kuna baraza la mawe, na kila siku limekaliwa na Mzee Champsi, fundi cherehani mstaafu, pamoja na wenzake. Kahawa, karata, kelele. Haingii mtu bila kuulizwa ni mtoto wa nani na mama yake hajambo. Aibu tupu! Dawa nimeipata. Vyungu vya asumini, vijae baraza zima, pasibaki nafasi hata ya kikombe. Maua yatakaa, wazee wataondoka. Nimecheka peke yangu mpaka Bi Salhiya akaniuliza kama naumwa.

Jumanne, 4 Februari

Vyungu vimefika kutoka Kidichi, tumba tele. Uzuri ulioje! Mzee Champsi alikuja na mto wake wa kukalia, akasimama. Akauliza wakae wapi. Nikamweleza habari za mandhari. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanijibu marahaba. Sikuwa nimemwamkia! Usi, mlinzi wetu, alicheka mbele yangu.

Bi Salhiya amewatandikia wazee mikeka uchochoro wa nyuma, kwenye mlango wa kupitishia maboksi. Hiyo ndiyo bustani yake. Masikini, namhurumia.

Jumatano, 5 Februari

Wezi! Halikubaki hata tumba moja! Nilisahau kwamba huu ni Shaaban, kila nyumba inakimbilia kuoza kabla ya Ramadhani, na kila harusi inataka vikuba vya asumini. Bi Tabia wa nyumba ya pili hakuona hata haya. Alisema bibi harusi hakai bila asumini kichwani, na aliyeweka maua barazani amewapa jirani zake. Nikamwamuru Usi awafukuze. Usi akasema bibi harusi ni mtoto wa dada yake.

Nikabandika tangazo la kukataza kuchuma. Kosa kubwa! Waliokuwa hawajui kwamba kuna asumini wakajua. Baada ya alasiri wakaja na vikapu. Wengine walinishukuru, eti Mungu aniongeze. Nimebaki na vijiti.

Alhamisi, 6 Februari

Nilivaa koti. Nikasimama mlangoni tangu asubuhi, katikati ya vijiti vyangu. Hakuingia mtu. Hata wanafunzi wa kila siku walipita moja kwa moja. Mmoja aliniambia alidhani tumefunga, maana hakuna mtu barazani. Mkurugenzi naye haonekani. Nikamlaumu kimoyomoyo kwa kuchelewa, mpaka nikasikia kicheko chake. Kinatoka nyuma!

Kumbe alipotea vichochoroni, akauliza maktaba iko wapi. Mtaa huu hakuna anayeielekeza kwa namna nyingine: ni pale wanapokaa kina Champsi. Basi akapelekwa wanapokaa kina Champsi. Nilimkuta mkekani, viatu kavua, kashata mkononi. Alikuwa ameshaulizwa ni mtoto wa nani, na ikaonekana Mzee Champsi ndiye aliyemshonea marehemu babake koti la harusi. Machozi yalimlengalenga. Akasema hajapata kukaribishwa hivi katika jengo lolote la umma. Nilimwomba aje mbele auone na mlango wangu. Akasema keshaingia.

Mkuu ni Bi Salhiya. Nimempongeza. Inaniuma, inaniuma kweli.

Jumatatu, 10 Februari

Amri ya kwanza ya mkuu mpya: vyungu viondoke, wazee warudi. Nimevitoa kwa mikono yangu. Mzee Champsi akanikaribisha kahawa. Nikawahi kumwamkia, sitaki tena ile marahaba. Kahawa ilikuwa nzuri, sikatai. Wanafunzi nao wamerudi, wanaulizwa mama zao hawajambo, wanajibu, wanaingia.

Lakini nimefikiri sana leo. Nilikosea wapi? Nimeshapaona. Ni asumini! Kinachonukia lazima kichumwe. Mkurugenzi atatutembelea tena baada ya Sikukuu, na safari hii naweka dungusi kakati, miiba mitupu, baraza zima. Nani atamchumia bibi harusi dungusi? Na mzee gani atathubutu kukaa? Chungu cha kwanza nimeshakileta nyumbani, na nimekijaribu mwenyewe. Hapakaliki kabisa! Haya nayaandika nimesimama.