Sinema Iliyojaa Ng'ombe

Jumatatu, 1 Septemba. Lodwar.

Mama Nakiru ametangaza leo. Banda lake la video la Kakuma linataka DJ, yaani mtu wa kushika maiki na kuwaeleza watazamaji sinema kwa Kiswahili huku inaendelea. Tuko wawili. Mimi Wandera, mwenye sauti. Na Erupe, aliyekuwa akichunga ng'ombe hadi juzi na bado huongea kana kwamba kila neno analivuta kisimani kwa kamba. Mimi nitajaribiwa kwenye banda lake la hapa Lodwar Alhamisi, yeye Kakuma Jumamosi. Sinema ni ileile moja. Atakayewakalisha watu hadi mwisho anapewa maiki.

Kwangu limekwisha hili. Nimempigia mama yangu huko Busia nikamwambia nimeshateuliwa. Si uongo. Ni habari iliyowahi kufika.

Jumanne, 2 Septemba.

Nimeitazama sinema ofisini saa za kazi, mlango nimeufunga kwa ufunguo. Ya makauboi. Saa tatu na dakika hamsini!

Nzuri, siwezi kukataa. Milima myekundu, vumbi la rangi ya dhahabu, jua linachukua dakika nane kuzama. Nusura nilie. Lakini inahusu nini? Wanaume sita, wote wana ndevu, wote wana kofia, wote wananong'ona. Mmoja alikufa saa ya kwanza, saa ya tatu nikamwona anakunywa kahawa. Labda ni ndugu yake. Nililala mara tatu, na mara zote tatu nilipoamka ng'ombe walikuwa wanavuka mto.

Mkubwa wangu alibisha hodi. Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba niko mkutanoni. Kiingereza kina heshima yake, alienda zake.

Jumatano, 3 Septemba.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nimeikata sinema kwa kompyuta ya ofisi. Ng'ombe nje, vumbi nje, machweo nje. Imebaki saa moja na nusu ya risasi, ngumi na busu moja. Mwenye kofia ya kahawia nimemfanya shujaa, nimemwita Ekal. Mwenye kovu shavuni ni mshenzi kabisa, huyo nimemwita Erupe.

Vipande nilivyotoa vyote nimevitupia kwenye faili moja niliyoipa jina Takataka.

Mama yangu amepiga. Ameshawaambia wanawake wa kanisa. Jumapili wananitolea shukrani mbele ya madhabahu, na kwaya imefanya mazoezi. Nimetokwa na jasho, ingawa hapa Lodwar jasho si habari.

Alhamisi, 4 Septemba.

Siku mbaya.

Nilianza vizuri. Banda limejaa, mbele kabisa Mzee Akuwam, mfugaji wa miaka mingi, juu ya kigoda chake. Kila Erupe wa sinema alipopigwa ngumi watu walicheka. Erupe mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, naye akacheka, jambo lililoniudhi.

Shida ni kwamba ng'ombe hawaishi wote. Unawatoa, lakini wengine wanapita nyuma ya watu wanaopigana risasi. Mwanzoni maksai mmoja mwekundu, pembe moja imepinda kwenda chini, alionekana kwa mzee fulani mwenye ndevu nyeupe. Dakika ya arobaini yuleyule amefungwa kwa shujaa wangu Ekal. Mimi sikuona kitu. Mzee Akuwam akainuka na fimbo yake.

“Simamisha. Hiyo ng'ombe ni ya ule mzee. Imefika kwa huyu namna gani?”

Nikasema Ekal alimnunua sokoni Kainuk. Mzee akauliza shahidi alikuwa nani. Nikajibu, na hapa ndipo nilipojimaliza, kwamba huyu ni maksai mwingine, wanafanana tu.

Mzee Akuwam alikuja hadi nilipo, akanitazama machoni, akaniuliza kwa upole kama nina malaria. Wengine wakakata shauri kwamba Ekal ndiye mwizi. Tangu hapo kila nilipomsifu shujaa walinipigia mbinja. Kufikia mwisho walibaki watu kumi na wawili, na wawili kati yao walikuwa wamelala.

Mama Nakiru alisema tu kwamba atangoja Jumamosi. Kisha akaniambia nimpe Erupe sinema.

Ijumaa, 5 Septemba.

Nimempa. Mama Nakiru hakusema nimpe sinema ipi.

Kwenye flashi nimemwekea Takataka peke yake. Saa mbili na dakika ishirini za mikia ya ng'ombe! Aipigie domo hiyo tuione. Erupe aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaniuliza hali ya mama yangu. Nilijisikia vibaya mpaka saa nne, chai ilipokuja.

Jumamosi, 6 Septemba. Kakuma.

Nimekuja mwenyewe kushuhudia mazishi. Nilikaa nyuma, karibu na Manyang, kijana wa kutoka Bor anayeendesha mashine. Banda limejaa Waturkana wa Kakuma, na wakimbizi wa kambini: Wadinka, Wasomali, na Mkongomani mmoja.

Ikaanza. Vumbi. Ng'ombe. Vumbi zaidi. Nikangoja watu wainuke. Hakuna aliyeinuka. Erupe akangoja vumbi litulie, halafu akasema kwenye maiki, “Hii nyekundu ni ya ule mzee.”

Watu wakaguna kwa kuridhika. Ng'ombe wakavuka mto. Erupe akasema mwenye kovu amewaiba, tazameni, amekata sikio kuficha alama. Baadaye akasema mwenye kofia ya kahawia amenunua bila kujua, maskini. Baadaye tena, kwamba mzee anafuata nyayo. Hayo tu. Na mimi, niliyeitazama sinema hii yote ofisini, nikaielewa kwa mara ya kwanza.

Mwishoni mzee mwenye ndevu nyeupe anafika kwenye zizi, anaita. Kati ya ng'ombe mia mbili, yule mwekundu anageuza kichwa. Manyang alilia waziwazi. Mimi nilikuwa na vumbi jichoni. Jua likachukua dakika nane kuzama na hakuna aliyekohoa.

Baada ya hapo hawakutoka. Walikaa kuamua kesi: mwenye kofia ya kahawia alipwe fidia na nani, na wanyama wangapi. Mkongomani aliuliza, “Sasa hii ng'ombe, mbona hawaichinji?” Akaombwa akae nje kidogo.

Mama Nakiru akampa Erupe maiki. Neno lake la kwanza lilikuwa kunishukuru mimi, Wandera, kwa kutoa kelele zote na kubakisha sinema. Watu wakanipigia makofi. Nikasimama, nikainama. Ningefanya nini?

Jumapili, 7 Septemba.

Mama amepiga kutoka kanisani. Akaweka simu karibu na kipaza sauti, kwaya ikaimba wimbo mzima, beti zote. Halafu akaniomba niseme neno, wasikie sauti ya DJ wa Kakuma. Nikasema. Nilisema vizuri sana, walipiga vigelegele. Nilipokata simu nilikaa kitandani nikaona aibu, aibu ya kweli, na chakula cha mchana nikakiacha hadi jioni.

Jumatatu, 8 Septemba. Lodwar.

Nimelala, nimefikiri, nimelijua kosa langu. Nilibakisha ng'ombe mmoja.

Mama Nakiru anafungua banda jingine Kalemng'orok na hana DJ. Nimemwomba anijaribu mara moja tu, akahema, akakubali. Sinema inahusu msafara wa harusi jangwani, saa tatu na nusu, nzuri ajabu, haieleweki. Nimempigia mama nikamwambia nimepandishwa cheo, nahamia Kalemng'orok.

Nimekesha naitengeneza. Imebaki dakika hamsini, bwana harusi na panga. Ngamia wote nimewatoa. Na safari hii Takataka nimeifuta kabisa, Erupe asipate hata unyayo.